Anayeomba ruzuku ni chuo, si wewe

Barua za wiki hii ni nyingi. Wale wa "nitumie andiko la kuombea ruzuku ya utafiti lililoshinda nione mfano" sitawajibu. Tangazo la mfadhili lenyewe hamjalisoma.

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Nikipeleka andiko ofisi ya utafiti Alhamisi mchana, nitapata saini ya chuo? (Mhadhiri, Ubungo)

Hapana. Na usimtume katibu muhtasi akakuombee.

Kwa nini chuo kinakata pesa yangu kwa kisingizio cha gharama za uendeshaji? Andiko nililikeshea mwenyewe. (Upanga)

Kukesha umekesha, lakini mwombaji ni chuo. Mkataba unasainiwa na chuo, pesa inaingia akaunti ya chuo, na mkaguzi akija anaanzia kwa mhasibu wa chuo. Umeme wa maabara, mhasibu anayefukuzana na masurufu usiyoyarejesha, afisa ugavi anayehangaika na zabuni ya friji lako la sampuli: unadhani hao wanalipwa na nani?

Tena gharama hizo za uendeshaji ukiziomba tangu mwanzo, kwa wafadhili wengi zinakuja juu ya pesa ya kazi. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutoa asilimia 25: gharama za moja kwa moja zinazostahili zikiwa euro 100,000, unaongeza 25,000. NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti, huvipa vyuo vya nje asilimia 8 tu, na vifaa vikubwa havimo kwenye hesabu hiyo. Anayelia kuliwa pesa mara nyingi ni yule aliyeuacha mstari huo mtupu ili bajeti "ipendeze", kisha akajaza posho za warsha ya Bagamoyo. Nimeshaona bajeti yenye mistari sita ya posho na mmoja wa kemikali. Mtathmini naye ana macho.

Tangazo linasema mwisho wa kutuma ni "17:00 Brussels". Ni saa ngapi kwetu? (Mwenge)

Saa moja usiku wakati wa baridi yao, saa kumi na mbili jioni wakishasogeza saa zao za kiangazi. NIH wao huhesabu saa kumi na moja jioni ya hapo alipo mwombaji. Wewe tuma siku mbili kabla. Luku haiishi kwa ratiba ya Brussels.

Mshirika wetu wa Ulaya ametuma mkataba, anasema ni wa kawaida, nisaini tu sampuli za damu ziondoke. (Mtafiti kijana, Kinondoni)

Wa kawaida kwao. Kwanza, huna mamlaka ya kusaini; mpelekee mwanasheria wa chuo. Pili, usome: data ni ya nani, nani ataandika makala, damu itakayobaki itafanywa nini. Sampuli za binadamu hazipandi ndege bila idhini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na makubaliano ya kuzihamisha. Taarifa za wagonjwa nazo zina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Na huyo mshirika akija kufanya utafiti nchini awe na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, asije kama mtalii wa Zanzibar. Ushirika ambao kazi yako ni kutoboa watu vidole na kujaza dodoso ni kibarua. Kama ndivyo, basi ulipwe kama kibarua, na uache kujiita mtafiti mwenza.

Nitapataje namba ya DUNS, ile ya kumtambulisha mwombaji wa ruzuku za Marekani? (Wengi)

Serikali ya Marekani iliiacha Aprili 2022. Siku hizi namba ya utambulisho ni UEI, inatolewa bure kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali hiyo, ni ya chuo, na usajili huhuishwa kila mwaka. Kaulize ofisi ya utafiti. Anayekutoza ada ya kuipata anakuibia.

Kuna jamaa atatuandikia andiko kwa asilimia kumi ya ruzuku ikitoka. Tumweke mstari gani wa bajeti? (Tabata)

Hakuna mstari huo. Wafadhili kwa kawaida hawalipi gharama za kuandika andiko, na mkaguzi akiikuta asilimia hiyo imefichwa kwenye "ushauri elekezi", chuo ndicho kitakachorudisha pesa, kisha kije kwako. Na kama jamaa ameshachukua kianzio, nendeni polisi.