Kijerumani hakitakula Kifaransa chako

Mdogo wangu wa Bukavu, umeuliza kama ukianza Kijerumani mwaka huu Kifaransa chako kitaharibika kabla ya mtihani wa serikali. Hakitaharibika. Kifaransa unafundishiwa kila siku, kimeshaota mizizi.

Kitakachokusumbua ni jinsia za nomino. Kifaransa kina mbili, Kijerumani kina tatu, kila moja na neno lake mbele ya nomino: der (kiume), die (kike), das (si kiume wala kike). Tena hazilingani. Jua kwa Wafaransa ni la kiume, le soleil. Kwa Wajerumani ni la kike, die Sonne. Mwezi nao umegeuka: la lune, der Mond. Kwa hiyo usiandike kamwe Sonne peke yake daftarini. Andika die Sonne, vikae pamoja. Sisi tuliozaliwa na ngeli, m-wa, ki-vi na nyingine, tuogope tatu kweli?

Mimi nilitumia kalamu ya buluu kwa der, nyekundu kwa die, kijani kwa das, nikisoma kwa sauti alfajiri kabla ya kwenda kuteka maji. Dakika 20 kila siku zilinisaidia kuliko Jumamosi nzima. Na neno la kwanza unalo tayari: «shule» tumelipata kwao, Schule. Lina die.