Hela ya utafiti wa kiangazi: tafuta mhadhiri kwanza, fomu baadaye

Kila ikifika Machi napokea ujumbe kutoka kwa wadogo zangu wanaosoma hisabati huku Uingereza: "Kaka, nasikia kuna hela ya kufanya utafiti likizo ya kiangazi. Nitumie linki." Jibu langu huwaudhi. Machi milango mingi imeshafungwa, na fomu yenyewe mara nyingi hajazi mwanafunzi.

Chukua bursari za London Mathematical Society, chama cha wanahisabati cha Uingereza, ambazo ndizo nilizopitia. Anayeomba ni mhadhiri, kwa niaba ya mwanafunzi aliye katikati ya shahada ya kwanza. Kazi ni ya wiki 6 hadi 8, na hela ni posho ya kujikimu tu, usianze kuahidi watu nyumbani. Maombi hufungwa mapema mwaka mpya. Kwa hiyo mazungumzo na mhadhiri yafanyike Oktoba au Novemba, kabla watu hawajatawanyika kwa Krismasi.

Umwendee nani? Wengi hukimbilia profesa mwenye jina kubwa, ambaye Julai yote yuko safarini. Afadhali yule aliyekufundisha, aliyewahi kukuona ukihangaika na swali ofisini kwake. Na ukimwandikia, achana na habari za kupenda hesabu tangu utotoni, kila mtu anaandika hizo. Mtajie kitu kimoja kwenye somo lake ambacho hakijakutoka kichwani, useme umejaribu nini, kisha uliza kama ana tatizo dogo la kiangazi. Wangu alijibu kwa mstari mmoja: njoo Alhamisi, ila uje umeshahesabu hili.

"Hili" lilikuwa la sarafu. Una sarafu za thamani 3 na 5 tu, na hakuna chenji. Huwezi kulipa 1, 2, 4 wala 7, lakini kuanzia 8 kwenda juu hakuna kiasi kinachokushinda. Kwa aina mbili zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1, kiasi kikubwa kisicholipika hupatikana kirahisi: zidisha thamani zake, kisha utoe zote mbili. 15 toa 3 toa 5 ni 7. Ongeza aina ya tatu na raha hiyo inakwisha. Akanipa 4, 5, 6: jibu 7. Kisha 5, 6, 7: jibu 9. Halafu 6, 7, 8: jibu 17. Na 7, 8, 9: jibu 20. Mbona inaruka hivyo kutoka 9 hadi 17? Jibu la hilo lilishajulikana miaka mingi. Alitaka kuona kama nitakaa chini kuhesabu kwa mkono.

Kazi yenyewe ya kiangazi ilifanana na hiyo, ila na sarafu zilizopangwa kwa namna ngumu zaidi. Wiki za mwanzo ni majedwali tu: unaandika kijiprogramu cha Python, unachapisha majibu, unatafuta ruwaza. Kuna ruwaza utakayoilea wiki nzima halafu mfano mmoja uivunje saa tano usiku. Hilo halikupunguzii chochote. Msimamizi mzuri anataka umletee huo mfano, si kurasa za maelezo mazuri.

Walioko Marekani wana mfumo mwingine, unaoitwa REU (Research Experiences for Undergraduates), ambao mfadhili wake mkuu ni NSF, shirika la serikali ya huko linalogharimia sayansi. Kule mwanafunzi anaomba mwenyewe. Katika chuo kikuu cha Duluth, Minnesota, mwanahisabati Joseph Gallian alianza programu yake mwaka 1977, na hadi leo jina la Duluth linaheshimika. Tatizo ni kwamba hela ya NSF ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mwenye green card aombe bila woga. Mwenye viza ya masomo aulize kwanza kama programu ina fungu jingine.

Huku Uingereza viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kufanya kazi muda wote wakati wa likizo rasmi ya chuo, lakini pata tarehe hizo kwa maandishi. Kisha uliza habari za chumba. Mikataba mingi ya hosteli inaisha Juni, na pango la Julai na Agosti likilipwa kwa bei ya mtaani laweza kuimeza posho yote. Muulize msimamizi kama idara inaweza kukuombea chumba chuoni, na umuulize kabla hajatuma maombi.