Vile viatu vya baba yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ununue maktaba ya milio iliyokwisha kurekodiwa, au ujirekodie kila kitu kwenye filamu yako ya kwanza. Nilitaka kukujibu kwa mstari mmoja, lakini swali lako limenirudisha kwenye vile viatu vya baba yako.

Unavijua: vyeusi, vya ngozi, kisigino cha kulia kimelika upande. Nilipopewa kazi ya kutengeneza mlio wa hatua za mzee mmoja kwenye filamu, anayepanda ngazi kwenda kumwambia mkewe kwamba mtoto wao amefariki, nilivivaa hivyo hivyo, juu ya soksi tatu. Ngazi zenyewe hazikuwapo. Palikuwa na ubao mmoja sakafuni. Nakanyaga kwa vidole, kisigino kinafuata, na sikio linaamini mtu anapanda. Maikrofoni niliirudisha nyuma ili chumba nacho kisikike. Filamu inapita fremu 24 kwa sekunde, ukichelewa chache tu umeshaumbuka. Nilirudia usiku kucha. Hatua ya tisa mzee anasita, nami nikasita naye.

Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: mguu hauna sauti, uzito ndio wenye sauti. Jack Foley, ambaye kazi hii ya kutengenezea filamu milio inaitwa kwa jina lake, aliyaanza haya pale studio ya filamu ya Universal, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920, akitembea kwa miguu yake huku picha ikipita mbele ya macho yake. Lazima umtazame mtu kwanza, ujue amebeba nini.

Siku ya kuionyesha, hatua zangu hazikuwamo. Mhariri alikuwa ameweka za maktaba. Safi kabisa, zimekaa sawa na picha, visigino vyote viwili vinalia sawasawa. Mtu anayepeleka habari ya msiba hakanyagi hivyo, mwanangu!

Na watu walilia. Hilo nalo sina budi kulisema. Mama mmoja nyuma yangu alishindwa kujizuia. Labda zangu zilikuwa na mkwaruzo wa ubao, labda muda ulimwishia mhariri. Nimebishana na nafsi yangu miaka yote hii. Lakini hatua ya tisa, mzee hakusita.

Basi nunua. Radi, treni, umati wa watu, utavitoa wapi usiku wa manane? Wala sigombi uongo. Theluji tumeikanyaga kwa wanga wa mahindi ndani ya kifuko cha ngozi, na inasikika theluji. Lakini miguu... Haya, sisemi. Filamu ni yako. Ila kumbuka, siku ikiingizwa lugha nyingine, maneno ya waigizaji yakitolewa huondoka na hatua zote zilizonaswa pamoja nayo. Hapo kitakachosikika ni kile ulichokiweka wewe.

Uzito, mwanangu. Viatu viko chini ya kabati langu. Njoo uvichukue, na usimpe fundi akakitengeneza kile kisigino.

Mama yako