Maswali ya mafundi: breka ya sola iliyonguruma

Shikamoo fundi. Nimefunga paneli nane za mzee wangu kwa mfululizo, nikaweka breka ya kawaida ya nyumbani, ampea 20. Jana nimeizima mchana, ikanguruma na kutoa moshi. Ni mpya kabisa! (Msomaji, Kahama)

Marahaba. Breka si mbovu, umeipa kazi isiyo yake. Umeme wa gridi, hertzi 50, hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde. Kontakti za breka, yaani vyuma viwili vinavyogusana, zikiachana, mwali unaoruka kati yake hukata pumzi wenyewe, na hewa ikiwahi kupoa hauwaki tena. DC, umeme wa upande mmoja unaotoka kwenye paneli, haishuki. Paneli nane za volti 40 hivi kila moja ni zaidi ya volti 300 zinazosukuma bila kupumzika, na ule upenyo wa milimita chache umeshageuka njia ya umeme yenye joto la maelfu ya nyuzi. Kama umewahi kuchomelea geti unalijua hilo: mwali wa elektrodi hudumu kwa volti 20 hadi 30 tu. Wewe ulikuwa na mia tatu ndani ya kiboksi cha plastiki.

Mwali wa DC hauzimiki mpaka udai volti nyingi kuliko zile paneli zinazoweza kutoa. Fungua breka ya DC iliyokufa uone: kuna sumaku, na mbele yake sahani nyembamba za chuma zimepangwa kama kurasa za daftari. Sumaku inausukuma mwali humo, unarefuka, unakatwa vipande na kupozwa. Kila kipande kinadai volti zake ishirini na kitu. Jumla ikizidi volti za paneli, mkondo unakufa.

Hiyo uliyonayo ing'oe usiku, inverta (mashine inayogeuza DC kuwa umeme wa nyumbani) ikiwa imezimwa. Na usimwuzie mtu.

Breka yangu ya DC ina alama za + na −. Nimegundua nimeunga kinyume, lakini inapitisha umeme vizuri. Niiache? (Msomaji, Kitui)

Usiiache. Kupitisha umeme hata msumari unapitisha; breka hupimwa inapozima. Sumaku yake ni ya kudumu, kwa hiyo ukigeuza mkondo, mwali nao unasukumwa upande wa pili, mbali na sahani, kwenye springi na plastiki. Fuata mchoro ulio ubavuni mwa breka yenyewe, maana watengenezaji hawapangi sawa. Kwenye betri, ambako mkondo huingia na kutoka, mimi siweki kabisa breka zenye alama hizo. Kuna zisizochagua upande. Zimezidi bei kidogo, nunua.

Relei, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo, imeandikwa 10A 250VAC (umeme wa gridi), 10A 30VDC. Itaweza pampu ya DC ya volti 110, ampea 4? (Msomaji, Dodoma)

Imeshakujibu yenyewe: 30. Kwa volti 110, relei ndogo za aina hiyo mara nyingi haziwezi kukata hata ampea moja. Tena mota ina koili, na koili haikubali mkondo ukatike ghafla. Inapandisha volti na kuulisha mwali. Tafuta kontakta (relei kubwa) ya DC ya volti hizo, kisha weka daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye nyaya za mota, imeelekea kinyume cha umeme wa kawaida, ili mkondo uliobaki uzunguke humo badala ya kurukia kontakti. Ukiigeuza hiyo daiodi utapiga shoti, kwa hiyo angalia mara mbili mstari uliochorwa upande wake mmoja.

Naweza kuchomoa plagi za MC4, zile zinazounga nyaya za paneli, jua likiwaka? (Msomaji, Mbeya)

Baada ya kuzima inverta, kisha swichi ya DC. Si kabla. Plagi haina sumaku wala sahani, ina vidole vyako. Wala usitegemee fyuzi: paneli hata ikipigwa shoti hutoa ampea chache tu zaidi ya kawaida, fyuzi haishtuki. Ukikuta plagi imeyeyuka, kata pande zote mbili, uweke mpya za kampuni moja.