Maswali na Majibu: Kiungo cha Petroli Kinachovuja

SWALI: Ninafufua gari la miaka ya 1920 ambalo tangi lake liko juu kuliko kabureta. Petroli inatona pale koki inapofungwa kwenye tangi, na pia kwenye nati ya bomba linaloingia kabureta. Utepe mweupe wa mafundi bomba haukusaidia. Fundi mmoja anashauri sheleki (utomvu wa wadudu unaopakwa kama vanishi), kama walivyotumia wazee, na mwingine silikoni. Nifuate ushauri upi?

JIBU: Silikoni iache kabisa, kwa sababu petroli huivimbisha na kuilainisha, na vipande vyake vinavyobanduka huishia kwenye tundu jembamba la kabureta. Utepe nao una hatari hiyohiyo ya kukatikakatika.

Viungo ulivyotaja ni vya aina mbili. Ule wa kabureta, ikiwa una ncha ya koni inayokaa ndani ya koni nyingine, huziba kwa chuma kugusana na chuma, na nati kazi yake ni kukaza tu, kwa hiyo dawa yoyote utakayopaka kwenye nyuzi za nati haitazuia chochote. Safisha nyuso hizo, tazama kama zina mikwaruzo, na ikibidi badilisha ncha ya bomba. Mahali penye washa (pete bapa ya kuzibia) ya shaba, ipashe moto hadi iwe nyekundu hafifu, uiache ipoe, kisha uirudishe. Shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu na haishiki tena vizuri. Kazi hiyo ifanyike mbali na gari.

Koki ya tangini ni jambo jingine, kwani nyuzi zake nyembamba kuelekea ncha huacha mwanya ambao lazima ujazwe. Hapo ndipo sheleki ilipojipatia sifa: petroli halisi haiiyeyushi. Lakini spiriti huiyeyusha, tena ndiyo inayotumika kuitengeneza iwe ya kupakwa, na petroli nyingi ya leo, kama ile ya E10 iliyoingia Uingereza mwaka 2021, huwa na ethanoli, ambayo ni aina ya spiriti, hadi asilimia 10. Ushauri wa wazee ulikuwa sahihi kwa petroli yao. Sabuni ngumu, ambayo nayo ilitumika sana, hustahimili petroli ila huoshwa na maji yanayotuama chini ya tangi, basi ichukulie kuwa ya dharura. Mchanganyiko wa litaji (unga wa oksidi ya madini ya risasi) na gliserini huziba barabara, lakini una sumu ya risasi na ukishakauka koki haifunguki bila kuumiza tangi.

Mimi ningechagua dawa ya nyuzi isiyokauka, ambayo maelezo yake yanataja waziwazi petroli yenye ethanoli, na ningeipaka kwa uchache, nikiacha nyuzi mbili za mwanzo zikiwa tupu ili isisukumwe ndani. Gasketi za mpira wa asili usizitumie popote petroli inapofika.

Kwa kuwa petroli hapa hushuka kwa uzito wake bila pampu, shinikizo ni dogo sana, na kiungo kinachodai kukazwa kwa nguvu nyingi kina kasoro ya umbo. Ukimaliza, kausha kiungo, kipake unga wa chaki, uache usiku kucha mahali penye hewa pasipo na moto. Unyevu wowote utaonekana kama doa jeusi kwenye chaki.