Limfoma imerudi: apandikizwe, apewe CAR-T, au vyote?

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu alikuwa na limfoma kali ya seli B (saratani ya seli za kinga), akapiga kemo ya R-CHOP mizunguko sita ikaisha kabisa, sasa hata mwaka haujafika imerudi shingoni. Wakala mmoja anayepeleka wagonjwa India anasema kule wanapandikiza seli shina halafu wanamalizia na CAR-T, na nyumbani wameshaanza kuongelea kuuza kiwanja cha Kigamboni. Ina ukweli hiyo? – Mdogo mtu, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Kiwanja kiacheni kwanza.

Kwenye kupandikiza wanavuna seli shina za kaka mwenyewe, wanazigandisha, wanampiga kemo nzito ya kuua hadi uboho, ndo wanamrudishia zile seli uboho uanze upya. Kwa hiyo kinachopiga ugonjwa ni kemo, seli shina zinamwokoa tu (watu wengi hawaambiwi hili). CAR-T wanachuja seli T (seli za kinga zinazopambana) kwenye damu, maabara wanazipachika jeni ya kuitambua CD19, alama iliyo juu ya seli B, kisha anarudishiwa kwa dripu zikawinde.

Sasa limfoma ikirudi ndani ya miezi 12 mara nyingi imeshakuwa sugu kwa kemo. Utafiti wa ZUMA-7 ulichukua wagonjwa kama kaka yako, wengine wakapewa CAR-T ya Yescarta, wengine njia ya kemo na kupandikiza, CAR-T ikashinda. Ila BELINDA, uliotumia CAR-T nyingine, haukuona tofauti, so siyo uchawi.

Kuchanganya vyote kumejaribiwa kweli, China na New York, wazo likiwa kemo nzito ipunguze uvimbe na kufyeka seli za kinga za zamani, CAR-T zimalizie mabaki. Linavutia, ila wale wa New York, ripoti ya 2019, walikuwa wagonjwa 15 tu na zaidi ya nusu walipata homa ya kinga kulipuka au kuchanganyikiwa akili. Hiyo bado ni utafiti, siyo kifurushi cha kuuziwa na wakala, na mimi nikiona wakala ndo anapanga tiba nashtuka.

India wana CAR-T yao, NexCAR19, iliyoruhusiwa 2023, bei yake iko chini sana kuliko ya Marekani. Kabla ya tiketi, kaka akatwe kinyama upya pale shingoni kipimwe, wathibitishe ni limfoma ileile na CD19 ipo. Ripoti hiyo itumeni hospitali yenyewe, siyo kwa wakala, muulize kwa maandishi: ni CAR-T peke yake au ni majaribio, na akilazwa ICU nani analipa?