Likizo ya mwaka? Futa hiyo fomu leo

Mkuu, eti unafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo (mfuko wa chakula) ili upungue uzito tarehe 2, tarehe 16 uko kazini, na umejaza likizo ya mwaka ili ofisini wasijue? Futa hiyo fomu. Mimi nilifanya hivyohivyo, naumia hadi kesho.

Nilikuwa keshia wa benki. Wakala aliyenitafutia hospitali aliniambia, "Matundu madogo tu kaka, siku kumi unacheza mpira." Mpira! Yeye tumbo lake alirudi nalo zima nyumbani. Matundu yalipona, sikatai. Ila ndani wameondoa karibu 80% ya tumbo, limebaki kama ndizi, hata maji unakunywa funda mojamoja kutwa nzima ndiyo ufikishe lita moja na nusu. Sasa foleni ya mwisho wa mwezi imefika mlangoni, utamwambia nani asubiri upige funda? Chupa yangu ilishinda chini ya meza haijafunguliwa.

Siku ya tatu tangu nirudi kazini, saa saba mchana, nahesabu fedha za mama mmoja wa duka la jumla, noti za elfu kumikumi. Nikaona tembo wa kwenye noti anatembea. Kumbe tembo anayeanguka ni mimi, kilo 131. Nilizinduka na dripu mkononi, na jioni droo yangu ina shoti ya 740,000. Nikakatwa kwenye mshahara.

Kujitetea sasa. Faili langu halina cheti hata kimoja, kwa karatasi zao nilikuwa likizo nakula upepo. Na siku zangu 14 zimeshaliwa. Wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu! Lakini bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kukulipa. Yote hiyo nimeiacha mezani kwa kuogopa kutaniwa na watu ambao walikuwa wananiita Bonge kila siku.

Chukua ED, mkuu, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi. Mweleze daktari kazi yako ilivyo, unasimama, unabeba, una nafasi ya kunywa maji au huna, akuandikie kabla hujalazwa. Nakala moja ofisini, moja baki nayo.

Nywele zitanyonyoka, zitaota tena. Uliuliza na mambo ya chakula, sijui na bei, nitarudi baadaye. Fomu umefuta?